Shajara ya burudani: taarab na dansi chini ya paa moja

Jumapili, 4 Mei

Kikao cha kwanza cha kamati. Nimepewa burudani. Mwenyekiti alisoma majina, akafika kwangu, akasema mjomba wa bibi harusi ndiye anayeujua muziki, akahamia kwenye chakula bila kungoja jibu. Harusi ni Jumamosi ya 26 Julai, ukumbi uko Temeke, wageni 300, na bajeti ya burudani ni shilingi milioni 5.5, MC na didijei wakiwa humohumo.

Kabla vikombe vya chai havijaondolewa mezani, ugomvi ulishajulikana. Bwana harusi ni kijana wa Unguja. Mama yake ametuma salamu kwamba hana neno na lolote tutakaloamua, ila angependa taarab, tena ile ya ala za nyuzi, udi na kanuni, ya kukaa kitako na kusikiliza. Hii ya mipasho asiisikie. Upande wetu nao ni watu wa dansi. Baba wadogo wote wamekulia kwenye kumbi za Msondo na Sikinde, na harusi isiyo na sebene wataiita hitma. Vijana wao wanataka singeli, na hawajali nani analipwa nini.

Nikaomba kila upande uniandikie jambo moja tu ambalo likikosekana watanuna. Baba wadogo wakaandika "gitaa la solo", kisha wakaanza kubishana nani zaidi kati ya Msondo, iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, na Mlimani Park, yaani Sikinde, iliyoanza mwaka 1978. Ubishi huo una umri mkubwa kuliko bwana harusi na haukuhitaji kikao.

Jumatano, 7 Mei

Simu tupu leo. Dar es Salaam haina upungufu wa bendi. Ina upungufu wa wanamuziki wanaokaa bendi moja. Wengi wanapiga kwa deiwaka: leo kwa huyu, kesho kwa yule, na jina lililoandikwa kwenye bango halikuhakikishii sura utakazoziona jukwaani. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa kila kiongozi limekuwa hili: siku hiyo watakuja nani na nani, kwa majina?

Mmoja alinitajia milioni 6 kabla hajajua ukumbi uko wapi. Mwingine, wakala, alisema anaweza kuniletea bendi yoyote niitakayo, nimtumie fedha zote kwenye namba yake ya simu "ili kushika tarehe", mkataba tutasaini siku ya shughuli. Nilimshukuru nikakata.

Wa tatu hakutaja bei kabisa. Aliuliza kwanza. Ukumbi una umeme wa fezi tatu? Jukwaa lina upana gani? Muziki unazimwa saa ngapi? Kuna mlango wa nyuma wa kupitishia vyombo, au tutapita katikati ya meza za wageni? Nikaweka nyota mbele ya jina lake na bado sijasikia hata noti moja ya muziki wake.

Jumapili, 11 Mei

Nimeenda kuwasikiliza wenye nyota. Wanapiga kwenye baa moja kila Jumapili jioni. Sikuwaambia nakuja.

Walitangazwa saa 12, wakaanza saa 12 na dakika chache. Wimbo wa tatu waya wa gitaa la rithimu ukakatika. Mpigaji wa solo akaziba pengo kwa kurudia kiitikio, mwenzake akafunga waya mpya huku amegeukia ukutani, na waliokuwa wanacheza hawakujua kuna lililotokea. Lakini niliyemwangalia zaidi ni fundi mitambo. Kijana mwembamba, kofia imegeuzwa nyuma. Kila baada ya nyimbo mbili tatu aliacha mikisa yake, kile kifaa cha kuchanganyia sauti, akatembea hadi meza za mwisho kabisa, karibu na jiko la nyama choma, akasimama pale ameinamisha kichwa, akarudi akagusa kitufe kimoja au viwili. Hakuna aliyemtuma.

Nimewahi kuhudhuria harusi ambayo mwimbaji alikuwa mzuri ajabu na hakuna aliyemsikia, kwa sababu besi ilimmeza. Watu wakasema bendi mbovu. Mwimbaji unamjua kwa wimbo mmoja. Ukitaka kuujua uaminifu wa bendi, mtazame fundi wake pale ambapo hakuna anayemtazama.

Mapumziko nilijitambulisha. Kiongozi akaita fundi tuzungumze watatu, hilo nalo nikaliandika.

Jumamosi, 17 Mei, Unguja

Nimevuka kwa boti ya asubuhi. Mkwe wetu, mama wa bwana harusi, alinipokea kwa chai ya tangawizi na vitumbua, akanieleza kwa upole mkubwa kitu ambacho kilikuwa amri.

"Mkwe, miye sitaki makelele. Nataka watu wakae, wasikilize. Anayetaka kutuza, atuze. Baadaye huko mkicheza dansi lenu, chezeni mpaka muchoke."

Nikamwambia, "Insha'Allah mkwe, saa nzima ni yako."

Huwezi kuzungumzia taarab kisiwani bila kuelekezwa kwenye vikundi vikubwa: Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club ya mwaka 1958. Hizo ni okestra. Safu ya fidla, kodiani, kanuni, udi, besi refu la kusimama, ngoma ya dumbaki, tari ya rika, na waitikiaji. Kuvusha kundi kamili la namna hiyo ni harusi nyingine ndani ya harusi. Kwa bahati njema Mji Mkongwe una vikundi vidogo vya vijana na wazee waliochanganyika, na wengi wa vijana wamepitia Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, DCMA. Nikapelekwa kwenye mazoezi ya kikundi cha watu saba: udi, kanuni, fidla mbili, kodiani, dumbaki na mwimbaji wa kike.

Niliketi karibu na kanuni. Ni sanduku bapa linalolala mapajani au mezani, lina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa sauti moja, na mpigaji huvaa pete kwenye vidole vya shahada, ndani ya pete amechomeka risha ya kukwangulia nyuzi. Daraja la nyuzi limekaa juu ya ngozi. Ngozi hiyo inasikia unyevu na baridi kuliko mtu. Kabla ya wimbo wa kwanza mpigaji alitumia muda mrefu sana na ufunguo wake mdogo, nyuzi baada ya nyuzi, wenzake wakipiga soga bila haraka. Nilipomwuliza kiongozi wao kama huwa inachukua muda huo kila mara, alitabasamu.

"Hapa madirisha wazi, ameikuta imetulia. Huko kwenu kuna kiyoyozi?"

"Kipo, Maalim."

"Basi ongeza."

Masharti yake aliyataja mojamoja, mimi nikiandika. Kiyoyozi kisipulize juu ya kanuni. Mpiga udi apewe kiti kisicho na mikono. Saa moja kamili ya kulinganisha ala kabla mgeni yeyote hajaingia. Wasipangiwe kupiga watu wakiwa wanakula. Taarab si kitoweo. Tuzo zote ziingie kwenye sanduku la kikundi. Na la mwisho alilisema akiangalia pembeni: wanamuziki wake wale mezani, wamekaa, chakula kilekile cha wageni. Nilijua kabisa kwa nini analisema. Kwenye kumbi zetu nimewaona wapigaji wakila wamesimama nyuma ya jiko, sahani juu ya spika.

Bei yao milioni 1.6, nauli na malazi juu yetu. Sikupunguza.

Jumapili, 1 Juni

Kikao cha pili. Nimewasilisha: dansi pamoja na mitambo yao milioni 2.8, taarab 1.6, boti na gesti laki 5, MC na didijei laki 6. Inafika palepale kwenye bajeti, haina hata shilingi ya dharura. Mweka hazina hakufurahi. Baba mdogo mmoja akauliza kwa nini tusiwatumie hao vijana wa baa peke yao, wapige na nyimbo mbili za taarab kwa kinanda. Shangazi ya bibi harusi akamjibu kabla yangu, na jibu lenyewe sitaliandika hapa. Pendekezo langu limepita.

Katikati ya Juni, mikataba

Hapa ndipo nimetumia nguvu nyingi, na ndipo watu wengi hupita mbiombio. Rafiki alinitumia mkataba wa ukurasa mmoja alioutumia mwaka jana, una tarehe, bei na sahihi. Nikaona mashimo yake mara moja.

Kwenye mikataba yangu majina ya wapigaji wote yameandikwa, na chombo cha kila mmoja. Mtu akiugua anabadilishwa, lakini nijulishwe jina la anayekuja, na asiwe mgeni kwenye nyimbo zao. Malipo ni mafungu matatu: asilimia 40 kwa kusaini, 40 siku ya shughuli baada ya kujaribu mitambo, 20 muziki ukizimwa. Bendi ya dansi walitaka 70 mwanzo. Tulivutana, wakakubali nilipowaonyesha kuwa fungu la pili watalipokea mchana kabla hawajapiga, si usiku wa manane wakimtafuta mweka hazina aliyekwisha kwenda nyumbani. Huo ndio woga wao, nao una sababu. Wanamuziki wanadhulumiwa mno kwenye harusi. Wengi wanaonekana wakali wa fedha kwa sababu wameumwa na nyoka.

Kipengele cha tuzo kimechukua aya nzima. Kwa taarab, sanduku la kikundi. Kwa dansi, tuzo ya mkononi ni ya aliyetuzwa, ndio utaratibu wao wa ndani na sikuona haja ya kuugusa. Lakini nimeandika kwamba hakuna anayeruhusiwa kumtaja mgeni kwa jina ili amlazimishe kutoa. Kuna waimbaji wana tabia hiyo, na mgeni aliyekuja na nauli tu mfukoni anaaibika mbele ya wakwe.

Nimeomba na usajili. Bendi ya dansi wana cheti cha BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Wenzao wa Unguja husajiliwa na BASSFU, baraza la sanaa la Zanzibar, na cha kwao walinitumia picha siku ileile. Karatasi haipigi muziki, lakini kikundi chenye karatasi kina mwenyekiti, katibu na anwani, na ukiwa na shida unajua uanzie wapi.

Kisha bahari. Julai ni kusi. Upepo unavuma kutoka kusini, mkondo wa Unguja unachafuka, na ikiwa vibaya boti zinaahirishwa. Kwa hiyo kipengele kinasema kikundi kinavuka Ijumaa, siku moja kabla, gesti juu yetu. Na safari zikisimamishwa Ijumaa na Jumamosi, tunarudishiwa fungu la kwanza pungufu ya gharama walizokwisha kuingia. Maalim aliusoma mstari huo mara mbili akasema ni mara ya kwanza mtu wa bara kumwandikia habari za upepo.

Jumamosi, 5 Julai

Ukumbini na fundi mitambo. Alikuja na mita ya umeme, tochi na kipande cha chaki.

Akachomeka mita kwenye soketi ya jukwaani. Volti 228. Akamwomba mlinzi awashe viyoyozi vyote. Tukasubiri vikinguruma kimoja kimoja, na namba kwenye mita ikateremka: 219, 211, ikasimama 203. Hakusema kitu. Akaenda kwenye soketi ya upande wa jikoni, akapima, akarudi, akachora msalaba wa chaki juu ya soketi zote za jukwaa.

"Hizi hatugusi, mzee. Zimefungwa na viyoyozi. Taa zikicheza, mikisa inajizima, na inapojiwasha spika zinapiga kishindo. Bibi harusi anaruka."

Tumekubaliana na meneja wa ukumbi: mitambo itapata laini yake moja kwa moja kutoka kwenye jenereta, na jenereta itawashwa tangu mwanzo, tusingoje umeme ukatike. Mafuta yanaingia kwenye kodi ya ukumbi, nimeandikisha. Fundi pia alikagua waya wa ardhi, akaukuta umelegea. Alisema ule mngurumo mzito unaosikika kwenye harusi nyingi, ambao watu hudhani ni spika mbovu, mara nyingi unatoka hapo.

Halafu tukahangaika na udi. Spika zake ni za dansi, udi ni chombo cha chumbani. Ukiweka maiki mbele yake na spika nyuma, maiki inapiga mluzi ukumbi mzima. Akapanga spika zitangulie mbele ya jukwaa, maiki mbili ndogo kwa udi na kanuni, monita, spika za wapigaji kujisikiliza, chini kabisa. Besi refu la kusimama hawalileti, kwa hiyo mpiga besi wa dansi atakaa nao na gitaa lake. Niliwaunganisha kwa simu yeye na Maalim. Wamezungumza muda mrefu kuhusu mtu mmoja wa Tanga wanayemfahamu wote wawili, na kidogo kuhusu besi.

Jumatano, 23 Julai

Upepo umekaza tangu juzi. Jioni natazama utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa. Maalim amepiga simu: mpiga fidla mmoja ana homa, anakuja mwingine, jina lake hili. Sawasawa na mkataba.

MC ameleta ratiba yenye hotuba saba. Nimezifanya tatu.

Ijumaa, 25 Julai

Wamefika na boti ya saa 10, wawili wametapika njia nzima, kanuni imepakatwa. Wamelala mapema.

Jumamosi, 26 Julai

Saa 7 mchana dansi walikuwa wamekwisha kufunga vyombo, wakavisogeza nyuma ya jukwaa, mbele kukabaki viti saba na mkeka. Saa 8 taarab wakaingia kulinganisha. Viyoyozi viwili vya jukwaani vimezimwa, na mlinzi amepewa bakshishi yake ili visiwashwe "kwa bahati mbaya". Kanuni ilichukua saa na robo. Fundi akatembea hadi meza za mwisho, akasimama, akarudi. Mluzi ulitokea mara moja tu, kwenye fidla, akauua. Nikalipa fungu la pili pale pale, wote wawili, wakasaini.

Maharusi waliingia kwa dansi. Chakula, didijei kwa sauti ya chini. Wanamuziki wa Unguja walikula meza namba 14.

Saa 3 usiku taarab ikaanza, na kwa dakika tano za kwanza niliumwa tumbo. Upande wetu haujui kukaa. Watu wa Temeke wakisikia muziki wanasimama, wakisimama wanapiga kelele. Wimbo wa kwanza ulipigwa bila sauti ya mtu, udi peke yake kwanza, kisha fidla. Meza za nyuma ziliendelea na soga. Mwimbaji alipofungua kinywa, mkwe wetu akainuka kutoka meza kuu. Hakwenda haraka. Alitembea kwa mwendo wa wimbo, bega likipanda na kushuka kidogo, noti ya elfu kumi imenyooshwa kati ya vidole viwili, juu, kila mtu aione. Akafika, akasimama mbele ya mwimbaji mpaka ubeti ukaisha, akaitia noti mkononi mwake, akageuka. Nyuma yake dada zake wanne wakiwa wamekwisha kujipanga.

Soga zikakatika zenyewe. Baba mdogo, yule wa kinanda, alinivuta shati. "Mjomba, unatoa ukiwa unacheza au ukiwa umesimama?" Nikamwambia afuate mguu wa dumbaki. Alikwenda mara tatu, mara ya pili kwa fedha alizokopa kwangu. Nilikuwa nimemwomba mweka hazina aje na bunda la elfu moja moja na elfu mbili mbili za kuvunjiana, na likaisha kabla ya saa 4.

Adui wa ratiba ni yule anayeshika maiki bila kupiga chombo. MC alitaka kuingiza hotuba ya nne kati ya taarab na dansi, mzee mmoja amemwomba. Nilimpelekea kikaratasi: muziki unazimwa saa 6, kila dakika unayoongea inatoka kwenye sebene, na baba wadogo wanajua unakaa wapi. Akakisoma, akacheka, akawaita dansi. Kubadilishana jukwaa hakukuzidi muda wa wimbo mmoja wa didijei, maana mitambo ni ileile, mpiga besi alikuwa tayari amekaa, na vyombo vilikuwa vimefungwa tangu mchana.

Dansi sitaieleza sana. Ilikuwa dansi. Saa 5 na nusu vijana walipata singeli yao na wazee wakatafuta viatu. Saa 6 meneja alisimama mlangoni na saa yake. Fundi akashusha sauti polepole hadi ikaisha, hakuzima ghafla. Fungu la tatu nililipa jukwaani, wakihesabu kwa tochi ya simu.

Jumatatu, 28 Julai

Taarab wamevuka jana mchana, bahari imetulia. Mpiga kanuni alisahau pete moja ya risha ukumbini, mlinzi ameiona chini ya kiti, itapelekwa na bwana harusi akienda kusalimia kwao. Sanduku la tuzo la kikundi Maalim alilifungua mbele yangu bila mimi kuomba, sikuuliza kiasi.

Boti na gesti zimekula 440,000 badala ya laki tano. Mweka hazina amepokea 60,000 zilizobaki na kuzihamishia moja kwa moja kwenye deni la maturubai ya maulidi ya nyumbani, ambayo kamati nzima ilikuwa imeyasahau.